Mkamwana wa Nyumba ya Hou

Geng Suqin hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo ndilo lililomponza. Mtu asiyelalamika hutwishwa mzigo, akinyamaza huongezewa mwingine, na akizidi kunyamaza watu husema ndivyo alivyoumbwa. Suqin alinyamaza hivyo mpaka akasahau kwamba kusema nako ni ruhusa.

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Aliingia nyumba ya Hou akiwa bi harusi, ndani ya mji mkongwe wa Pingyao, kwenye uchochoro uliojibana karibu na ukuta wa magharibi. Mumewe, Wenbin, alifariki kwa ugonjwa wa moyo miaka minne kabla ya haya ninayosimulia. Binti yao wa pekee, Jiarui, alikuwa ameolewa Taiyuan. Waliobaki ni Suqin, baba mkwe wake mzee Hou Deyin aliyekuwa na miaka themanini na kitu, na nyumba yenyewe.

Kati ya hao, mgonjwa zaidi alikuwa nyumba. Ilijengwa na babu wa babu yake mzee, kwa matofali ya kijivu, na mapaa yake yote yaliinamia uani. Wahenga walitaka iwe hivyo: mvua ni baraka, inyeshe kwako, isimwagikie kwa jirani. Lakini wahenga hao hawakuwa wanapiga deki.

Kulipopambazuka Suqin alikuwa ameshakung'uta majivu ya jiko. Alibeba makaa ya mawe kutoka stoo, akatia moto chini ya kitanda cha udongo cha mzee, akachemsha maji, akapika uji wa mtama. Kisha alichukua ndoo ya usiku, akaifunika kwa kitambaa, akaenda nayo hadi choo cha umma mwisho wa uchochoro. Njiani alipishana na watalii walioburuta masanduku yao juu ya mawe, krrr, krrr, krrr. Walimsalimia kwa furaha. Wengine walimpiga picha. Hawakujua ndoo ina nini, naye hakuwaambia.

Majirani walikuwa wamehama karibu wote. Lei Chunmei, shoga yake wa tangu ujana, alihamia mji mpya nje ya ukuta, kwenye ghorofa lenye mabomba ya moto yanayopasha vyumba joto, na kila baridi ilipoanza alimpigia simu kumchokoza.

"Nimevaa ndala, Suqin. Nje theluji, mimi ndala."

"Vaa na kaptura kabisa."

"Nimevaa! Hebu niambie, mnangoja nini humo ndani?"

"Kuna mzee."

Jibu hilo lilitosha. Kila mtu Pingyao alijua kwamba mzee Hou na ukuta wa mji ni chanda na pete. Ujanani alikuwa kwenye kikosi cha kuukarabati, akishindilia udongo na kupanga matofali, na mwandishi mmoja wa gazeti aliwahi kuja kumpiga picha ameegemea ukuta huo, macho ameyafumba kidogo. Chini ya picha waliandika kwamba hatauacha mpaka kufa. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje mambo ya ghorofa? Mzee mwenyewe hakuwa msemaji. Alikula, alishukuru, alikaa mlangoni. Suqin alimtazama akaona mlima, na mlima hauombwi usogee.

Basi mwaka huo mvua ya vuli ikaingia, ikakataa kutoka.

Mwanzoni ilikuwa manyunyu tu, yale yanayowafurahisha wapiga picha kwa sababu mawe hung'aa. Baadaye ikawa mvua ya kweli, mchana na usiku. Ukuta wa mji, ambao ndani yake ni udongo mtupu uliovikwa matofali, ukanywa maji kama ng'ombe. Sehemu moja upande wa magharibi ikaanza kuvimba tumbo. Watu wa ofisi ya mji mkongwe wakazungusha utepe, wakafunika juu kwa maturubai, wakaita mafundi wote wa vigae na matofali waliopatikana.

Kijana mmoja wa ofisi hiyo, Ji Lupeng, alifika nyumbani kwa Hou akiwa amelowa mpaka kwenye kope. Alikagua mapaa, akakuna kichwa.

"Shangazi, paa la chumba cha magharibi limeoza. Linataka vigae vipya na boriti mbili."

"Najua. Nipige mabati kwa muda?"

"Mabati hayaruhusiwi, shangazi. Nyumba hii ni urithi. Lazima vigae kama vile vile, na fundi mwenye kibali."

"Haya, mlete huyo fundi."

Lupeng alitazama chini. "Mafundi wote wako ukutani. Ukuta ukianguka, unaangukia uchochoro wenu. Ningekuwa na hata mmoja wa ziada ningekuletea. Mimi mwenyewe sijalala kitandani wiki hii."

Suqin alimwona kijana alivyosawijika, akamwonea huruma, akampa bakuli la tambi za moto na siki. Ndivyo alivyokuwa. Kijana alipoondoka, Suqin alichukua turubai la stoo akapanda ngazi mwenyewe.

Alikuwa juu ya paa, magoti kwenye vigae vyenye ukungu, anakandamiza turubai kwa matofali, aliposikia sauti kutoka uchochoroni. Msichana aliyevaa joho la hariri la kukodi, mfano wa malkia wa zamani, alikuwa chini ya mwavuli, simu mkononi.

"Shangazi! Geuka huku kidogo! Unapendeza sana!"

"Nikigeuka nitaanguka."

"Kidogo tu! Inaonekana kama zamani hasa!"

"Zamani pia walikuwa wanalowa, mwanangu," alisema Suqin, akaendelea na kazi. Mgongo ulimuuma kwa namna mpya, chini kabisa, kama mtu aliyebandikwa pasi. Alishuka polepole. Mabeseni yalikuwa yamejaa, akayamwaga. Aligeuka, akayakuta yameanza kujaa tena.

Mzee naye alikuwa na lake. Kila mchana alichukua mwavuli, akafunga viatu vyake kwa mifuko ya plastiki, akaenda kuutazama ukuta. Alisimama nje ya utepe, mikono nyuma, asimsemeshe mtu. Suqin ilibidi amfuate, kwa sababu mawe yalikuwa yakiteleza, na kama mzee angevunjika nyonga ni nani angembeba? Siku moja aliposhindwa kabisa alimwambia:

"Baba, leo usitoke. Tafadhali. Nina unga mkononi, siwezi kukufuata."

"Sawa," mzee alisema.

"Kweli?"

"Nimesema sawa. Nitalala."

Alipokwisha kula, mzee aliingia chumbani kwake, kile cha magharibi, akavuta mlango. Suqin alirudi jikoni kukanda unga. Simu ikalia, alikuwa Jiarui.

"Mama, nimeona habari. Wanasema Pingyao inazama."

"Haizami. Inanyesha."

"Njooni kwangu. Wewe na babu. Angalau mpaka mvua iishe."

"Babu yako haendi popote."

"Umemuuliza?"

"Kuna mambo hayaulizwi, Jiarui. Nina unga mkononi."

Alikata simu. Hakuwa amekasirika. Hata kukasirika kunataka nguvu.

Mlio uliofuata haukuwa mkubwa kama mtu anavyoweza kudhani. Ulikuwa kama mtu mnene anayejikalia chini kwa pumzi moja. Vumbi halikutimka, maana kila kitu kilikuwa kimelowa. Suqin alitoka jikoni, viganja vimejaa unga, akaona kitu ambacho akili ilikikataa: kupitia mlango wa chumba cha magharibi aliona uchochoro. Ukuta wa nyuma haukuwapo. Paa lilikuwa limeinama likaingia ndani, na kitanda cha mzee, kitanda kile cha udongo alichokitia moto asubuhi kwa mikono yake, kilikuwa chini ya lundo la matofali, tope na vigae.

"Baba!"

Mvua tu.

"Baba! Baba Deyin!"

Hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alipiga magoti akaanza kufukua kwa mikono. Alivuta tofali, akalitupa nyuma, akavuta jingine. Kucha zilikatika. Tope liliteremka na kuziba kila alipofungua. Na hapo, katikati ya kufukua, wazo likamjia. Halikuja kwa ubaya. Lilikuja taratibu, kama mtu anayekusogezea kiti: *Basi. Imekwisha. Sasa nitalala.*

Alisikia mwili mzima ukilegea kwa wazo hilo. Kisha akaliona lilivyo, akapiga ukelele, akafukua kama mwendawazimu.

"Unatafuta nini humo?"

Aligeuka. Mzee Hou alikuwa amesimama langoni, mwavuli mkononi, viatu vimefungwa mifuko ya plastiki.

Mzee alitazama chumba chake, akatazama mikono ya mkamwana wake, akaelewa. Uso ukambadilika rangi.

"Nilikwenda ukutani," alisema kwa sauti ndogo.

"Nilikukataza."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilinyata."

Suqin alikaa chini pale pale kwenye tope. Hakulia. Alikuwa amekaa tu, kama gunia lililotuliwa vibaya. Na yale maneno ambayo hakuwahi kumwambia mama yake, wala Wenbin akiwa hai, wala Chunmei, yakatoka yenyewe bila kuombwa.

"Baba, nimechoka."

Mvua ilinyesha juu yao. Mzee aliufunga mwavuli, sijui kwa nini, akausimika ukutani, akaja akakaa kwenye kizingiti karibu naye.

"Basi tuondoke," alisema.

"Twende wapi?"

"Popote penye mabomba ya moto. Kule kwa Chunmei anakovaa ndala."

Suqin alimtazama kama anayetazama mtu asiyemjua. "Baba, wewe unataka kuhama?"

"Lini nilisema sitaki?"

"Wewe na ukuta... watu wote wanasema..."

"Yule wa gazeti ndiye aliyesema. Aliniambia niegemee, niseme kitu. Nikamwambia magoti yananiuma. Hakuandika hilo." Mzee alijifuta maji usoni. "Nilishindilia udongo wa ukuta ule kwa sababu kikosi kilipewa mlo wa mchana. Ulikuwa wakati wa njaa. Ukuta mzuri, sikatai. Lakini choo kiko mbali, Suqin. Na usiku moto ukizimika nasikia baridi mpaka kwenye meno, meno ambayo hata sina."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ulisema."

"Mimi?"

"Siku tuliyomzika Wenbin. Shangazi zake wote wamekaa pale, ukasimama ukasema: sitoki nyumba ya Wenbin mpaka nitolewe nimebebwa. Nilikusikia kwa masikio haya. Nikasema moyoni, mtoto huyu amefiwa na mume, kilichombakia ni nyumba ya mumewe. Mimi ni nani nimtoe?"

Suqin alikumbuka. Alikumbuka vizuri sana. Shangazi zake Wenbin walikuwa wakinong'ona nyuma ya leso zao kwamba mjane bado ana nguvu, kwamba hata mwaka hautaisha ataolewa kwingine na mzee atupwe kwenye nyumba ya wazee. Akasimama, akasema yale.

"Nilikuwa nawafunga midomo," alisema.

"Midomo ilifungwa," mzee alisema. "Na sisi tukafungwa nayo."

Watu wengine wangecheka hapo. Wao hawakucheka. Walikaa kwenye mvua wakiitazama ile miaka minne.

"Na kwa nini basi unakwenda kuutazama kila siku?" Suqin aliuliza baadaye. "Huo ukuta."

Mzee alikung'uta tope kwenye mifuko ya viatu vyake. "Nikikaa hapa nakuona. Unapita na makaa, unapita na beseni, unapita na ndoo yangu. Siwezi kukusaidia hata kubeba kijiko. Kule ukutani angalau hakuna anayenipita na kitu mkononi."

Majirani wachache waliobaki walikwisha kufika langoni. Lupeng akaja mbio na utepe wake, akasimama mbele ya lile shimo, akashika kichwa kwa mikono miwili, akawa anarudia, "Samahani, shangazi. Samahani, babu. Samahani." Mzee ndiye aliyembembeleza. Jioni hiyo hiyo Chunmei alituma kijana wa jirani na toroli. Wakapakia magodoro, sufuria, picha ya Wenbin iliyofungwa kwenye nailoni, wakatoka kupitia lango la magharibi. Ukuta uliovimba ulikuwa mkono wao wa kushoto. Mzee hakugeuza shingo.

Jiarui alipofika kesho yake na kusikia habari yote, alikaa kwenye kochi la Chunmei akiwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Yaani miaka minne," alisema. "Miaka minne mnafanyiana adabu."

"Usimseme mama yako," mzee alimkemea.

"Nawasema wote wawili!"

"Basi punguza sauti. Jirani wa chini atagonga."

Jiarui aliwatafutia fleti ya chini katika mtaa huo huo, ili mzee asipande ngazi. Ilikuwa na vyumba viwili, sakafu ya vigae vyeupe, na dirisha lililotazama maegesho ya magari. Haikuwa na uzuri wowote. Unafungua bomba, maji ya moto yanatoka. Unavuta kamba chooni, kila kitu kinaondoka, hakuna anayekipiga picha.

Mtu angefikiri sasa Suqin atanawiri. Hakunawiri. Wiki ile ile waliyohamia, alianguka. Homa ilimshika, viungo vikafa ganzi, akalala. Alilala usiku, akalala mchana, akiamka anakunywa maji na kugeukia ukutani. Jiarui aliogopa akamwita daktari. Daktari, mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, alimpima kila mahali, akakunja vifaa vyake.

"Anaumwa nini?" Jiarui aliuliza.

"Amesimama. Mtu akitembea sana hajui kama ameumia mguu mpaka asimame."

"Dawa yake?"

"Hiyo anayofanya."

Jiarui alilazimika kurudi kazini Taiyuan, na mzee Hou akabaki na mgonjwa. Mzee huyu hakuwahi kupika tangu azaliwe. Uji wake wa kwanza uliungua chini na kuwa maji juu. Alimletea Suqin kitandani, bakuli limeshikwa kwa mikono miwili, akitembea kama anayevuka mto.

Suqin alionja. "Baba, hii ni nini?"

"Uji."

"Una nini ndani?"

"Sijui. Kunywa."

Akaunywa wote. Siku zilizofuata uji haukuungua sana.

Chunmei naye alishuka kila siku kumtazama, na ndala zake. Siku moja, mzee alipokuwa ameketi nje kwenye jua na wazee wenzake, Suqin alimshika mkono.

"Chunmei, nataka kukwambia neno. Usimwambie mtu."

"Sema."

"Siku ile ukuta ulipoanguka, nilidhani yuko chini. Nilikuwa nafukua. Na moyo wangu ukasema, afadhali." Akauvuta mkono wa Chunmei karibu. "Ukasema, sasa nitalala. Na sasa yeye ndiye ananipikia uji."

Chunmei alimwekea mto vizuri chini ya kichwa.

"Mimi," alisema, "mama mkwe wangu alipougua, nilimwombea kifo kila nilipowasha ubani. Kwa adabu kabisa, kwa magoti. Unajua aliishi miaka mingapi? Tisa. Na alipokufa nililia mpaka wakanishika mikono. Usijitafune, Suqin. Moyo wa mtu aliyechoka husema mengi. Wewe angalia mikono yako ilifanya nini."

Suqin aliinua mikono yake akaitazama. Kucha zilikuwa zimeanza kuota. Hakusema kama maneno hayo yalimsaidia. Usiku huo alilala kama kawaida, si zaidi.

Baridi ikapita. Ukuta wa mji haukuanguka. Waliufungua pale ulipovimba, wakashindilia udongo upya, wakarudisha matofali. Baada ya hapo mafundi walisambazwa kwenye nyumba zilizoharibika. Miti ya mjini ilipoanza kutoa majani, Lupeng alipiga simu.

"Shangazi, nyumba yenu imekwisha. Tumetumia matofali yake mwenyewe, yale yaliyopona. Njooni muione."

Walikwenda asubuhi moja, mzee na mkongojo mpya, Suqin na mfuko wa machungwa kwa ajili ya mafundi. Lango lilikuwa limepakwa rangi. Uani kulikuwa kumefagiliwa. Lupeng alikuwa amenenepa kidogo, na uso wake ulikuwa wa mtu anayelala kitandani. Aliwapeleka chumba cha magharibi kwa haraka za mtoto anayeonyesha alichochora.

Mzee aliupapasa ukuta mpya kwa kiganja, akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Umekaa sawa," alisema.

Lupeng akachangamka. "Babu, kuna jambo ofisini tumelifikiria. Nyumba bila watu hufa. Tungependa mchana uwe unakuja kukaa hapa, mlangoni, kama zamani. Tutakuletea chai. Wageni wakipita waone kwamba kuna maisha."

Mzee alimtazama kwa upole. "Kijana, wewe umewahi kulala kwenye kitanda cha udongo moto ukizimika alfajiri?"

"Bado, babu."

"Basi kaa wewe."

Mafundi wakaangua kicheko. Lupeng naye akacheka, masikio yamemwiva. Suqin hakuwasikia vizuri. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta mpya, anatafuta kitu. Kwenye ukuta ule wa zamani kulikuwa na msumari ambao Wenbin alitundikia kofia yake alipotoka kazini kumsalimu baba yake. Kofia yenyewe walimzika nayo. Alijua msumari hauwezi kuwapo, ukuta wenyewe ulikwenda na mvua, lakini jicho lilienda pale pale, kwa kimo kile kile, likakuta tofali safi. Alinyoosha mkono akaligusa. Alikuwa ametazamia kwamba siku atakayoiona nyumba hii bila kuwa na kazi ndani yake atajisikia mwepesi. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo zamani, na mikono bado imejikunja.

"Shangazi?" Lupeng alikuwa nyuma yake. "Wewe unasemaje? Tuifanye nini nyumba?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Suqin alifikiri kwa muda mrefu, wale mafundi wakawa wamemaliza machungwa.

"Weka watu wenye kazi," alisema. "Usiweke wa kutazamwa."

"Wapo kina mama wanaopaka rangi masanduku ya mbao na kuyasugua kwa viganja mpaka yang'ae. Wanatafuta mahali, walipo ni padogo."

"Waje. Lakini kwanza wavutie bomba la maji mpaka uani. Na choo, Lupeng. Utafute namna. Sitaki kusikia mwanamke mwingine anabeba ndoo kwenye uchochoro huu kwa sababu ya urithi."

"Kibali cha choo ni kigumu, shangazi."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe, unayelala kitandani sasa."

Mzee alikohoa, kikohozi chenye kicheko ndani. Lupeng aliahidi kujaribu, na kwa haki ya Mungu alijaribu. Ilichukua mpaka baridi iliyofuata, lakini choo kikajengwa.

Walipotoka, jua lilikuwa limepanda na mzee alianza kuburuta mguu. Lango la magharibi lilikuwa si mbali kwa kijana. Kwake ilikuwa safari. Kwenye kona walikuta kijigari cha umeme cha kuzungusha watalii, kikiwa na viti vitupu nyuma. Dereva, mtu wa makamo aliyevaa kofia ya jua, alimtambua mzee.

"Babu Hou! Panda, panda. Na wewe dada."

"Hatuna tiketi," Suqin alisema.

"Nani kakuuliza tiketi? Ninyi ndio mlioujenga huu mji."

Wakapanda. Kijigari kikaondoka taratibu, kikivuma kama nyuki. Kwenye kipaza sauti, mwanamke mwenye sauti ya asali alianza kueleza habari za ukuta: ulijengwa lini, una minara mingapi, umestahimili mangapi. Watalii wa mbele waliinua simu zao. Mzee Hou alisikiliza kidogo, kope zikaanza kumshuka, na kabla mwanamke wa kipaza sauti hajamaliza upande wa kusini, kichwa chake kilikuwa kimeshaegemea bega la Suqin. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana. Mate yalimtoka kidogo pembeni ya mdomo, Suqin akayafuta kwa ncha ya skafu yake.

Wakafika lango la magharibi. Watalii wakashuka. Dereva aligeuka kwenye kiti chake.

"Dada, si ndipo mnaposhukia hapa?"

Suqin alimtazama mzee. Bega lilikuwa limeanza kufa ganzi. Naye mwenyewe macho yalikuwa mazito, na upepo wa kijigari ulikuwa mzuri.

"Zungusha tena," alisema. "Amelala."